Nafasi ya Nne Ndiyo Tuliyoimudu

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa barazani kwetu Karangsari, nimesimama wima, nikimhutubia mcheza kamari juu ya uadilifu.

Kwa wale wanaokutana nami leo: mimi ni Wening, mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa tatu. Mdogo wangu Damar hushindana katika mbio za pikipiki, daraja la wanaoanza, msimu wenye raundi sita. Mimi ndiye mtunza bajeti wa timu. Niliipokea kazi hiyo kwa imani kwamba kijana asiye na kitu anaweza kukimbiza pikipiki msimu mzima kwa fedha safi, bila kamari na bila mfadhili wa sigara, mradi hesabu zipangwe kwa akili. Bado ninaamini hivyo. Siku hizi ninaamini nikiwa nimechoka.

Mcheza kamari aliitwa Jarot. Alikuja na bahasha yenye rupia milioni tano akaomba jambo moja tu: katika raundi ya tano, Damar asipande jukwaani. Asianguke, asijiumize, amalize tu nje ya watatu wa kwanza.

Nilimweleza kwa kirefu maana ya mchezo wa haki. Alinisikiliza kwa adabu, huku akipasua mbegu za alizeti kwa meno na kutemea maganda kiganjani ili asichafue baraza. Mama, ambaye hakujua mgeni ametaka nini, alimletea chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Jarot alikunywa, akashukuru, akaondoka na bahasha yake.

Hotuba yangu ilisikika hadi msikitini. Usiku ule nililala nikijiheshimu.

Asubuhi yake nilifungua bajeti.

*

Bajeti ile niliiandaa mwezi wa Januari. Ilikuwa na ada za kuingia mashindanoni, matairi, mafuta, plagi, cheni, pistoni za akiba, dawa za michubuko, na fungu maalumu la mfupa mmoja uliovunjika. Mhadhiri wangu aliisoma akasema ni kazi ya mtu asiyejidanganya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya msiba. Sikuwa nimeweka fungu la kushinda.

Raundi ya pili, Damar alishika nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa rupia laki saba na nusu. Na kwetu, mtu akipata jambo la heri hawezi kulifungia kabatini. Hana budi kufanya shukrani. Wali wa manjano hupandishwa kama mlima, kuku huchinjwa, dua husomwa, na kila nyumba hupelekewa kisanduku chake, hata nyumba ya yule mzee aliyegombana na mtaa mzima. Karangsari ina nyumba themanini na sita. Shukrani ilikula zawadi yote, kisha ikala mafuta ya raundi mbili.

Raundi ya tatu alishika nafasi ya tatu. Shukrani ikala tairi la nyuma.

Raundi ya nne alianguka kwenye kona ya kwanza. Hakuvunjika popote, alichubuka kiwiko. Majirani walikuja kumpa pole, na kwetu hakuna anayekwenda kumpa mgonjwa pole mikono mitupu. Tulibaki na sukari kilo kumi na moja, majani ya chai ya kutosha mwaka mzima, na mikate ambayo Mama ilimbidi awagawie tena walewale walioileta. Ikawa ndiyo raundi pekee tuliyoimaliza na salio.

Niliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kuanguka kulikuwa na faida. Kushinda kulikuwa kunatufilisi.

Sasa ilikuja raundi ya tano, na fedha tuliyobaki nayo ilitosha jambo moja kati ya mawili: jozi ya matairi mapya kwa ajili ya fainali, au mlima mmoja wa wali.

Fainali, yaani raundi ya sita, haikuwa jambo la kuchezea. Huingia waendeshaji kumi tu walioongoza kwa alama, na mwaka huu watu wa timu ya kiwanda cha pikipiki walitangaza kwamba watakuja kuchagua kijana mmoja wa kumlipa mshahara. Damar anaingojea siku hiyo tangu alipokuwa anapanda pikipiki ya marehemu baba bila miguu yake kufika chini. Bila matairi, angeitazama fainali akiwa upande wa pili wa uzio.

Nikakokotoa alama. Nafasi ya nne ilitosha kumwingiza fainali. Na nafasi ya nne haina kombe, haina jukwaa, wala haina shukrani.

Nilimweleza Damar jikoni, naye akanisikiliza akiwa na kipande cha tempe, soya iliyochachuliwa na kukaangwa, mkononi.

"Nne?" aliuliza.

"Nne."

"Na nikiwa wa kwanza?"

"Ukiwa wa kwanza itabidi tuongeze mbuzi."

Alimeza, kisha akaniita kama mdogo amwitavyo dada mkubwa. "Mbak, si Jarot alitaka kukupa milioni tano kwa jambo hilihili?"

"Jarot alitaka tuwadanganye watu. Sisi tunapanga matumizi."

"Kwa hiyo tofauti ni kwamba sisi tunafanya bure."

Nilimjibu kwamba tofauti iko katika nia. Nilikuwa na hakika kabisa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo mbele ya watu.

*

Jumapili, Karangsari nzima, isipokuwa Mama, ilikwenda mbioni kwa lori la mjumbe wa mtaa, lilelile linalobeba pikipiki yetu. Njia ya mbio ilikuwa barabara inayozunguka uwanja wa mpira, kona zake zimepangwa matairi makuukuu na magunia ya mchanga.

Fundi wetu ni Pak Broto; kwetu Pak ni bwana na Bu ni bibi. Hana karakana. Hufungua injini uani kwake, juu ya mkeka, na huifunga tena kwa sikio. Mkewe, Bu Sukinah, ndiye kiongozi wa wanawake wanaopika kwenye shughuli zote za mtaa. Asubuhi ile alinishika mkono tukiwa tunapanda lorini, akaniita Nduk, yaani binti yangu.

"Sufuria kubwa la msikitini nimeshaliazima, Nduk. Nimelipitisha kwa mama yako. Leo naona dalili."

Nikasema tusitangulize mambo.

"Wewe nawe. Mtoto anakwenda mbioni, dada mtu anamwombea ale vumbi."

Nilicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Mbio zilikuwa za mizunguko kumi na miwili. Kufikia katikati, Damar alikuwa wa pili na anamsogelea wa kwanza. Watu wa Karangsari walikuwa wanapiga masufuria. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa njia nikiwa na kibao cha kumwonyesha ishara, kazi ambayo kwa kawaida ni ya Pak Broto na ambayo siku hiyo niliiomba mwenyewe.

Nikaweka namba nne.

Alipita akanitazama, akatikisa kichwa. Mzunguko uliofuata nikaweka nne tena. Akapita bila kutikisa chochote. Mara ya tatu nilikiinua kibao juu zaidi, na pale kwenye sehemu iliyonyooka Damar akapunguza mafuta akasogea kando. Aliwapisha wawili waliokuwa nyuma yake kama mtu anayewapisha wazee mlangoni.

Masufuria yalinyamaza.

Pak Broto alisikiliza injini ikipita. "Injini haina kosa," alisema. Kisha akakitazama kibao changu. Nikamwambia huenda kijana amechoka.

Damar alimaliza wa nne. Alivua helmeti akakaa juu ya gunia la mchanga, na nilipomfikia aliniambia kwamba kwenda polepole kunaumiza mikono kuliko kukimbia. Hakunitazama alipokuwa anasema.

Nilikuwa ninataka kumwambia kwamba matairi yamepatikana. Kabla sijaanza, kipaza sauti kilimwita mhusika wa pikipiki namba ishirini na saba afike kwa msimamizi mkuu wa mashindano.

Namba ishirini na saba ni yetu.

*

Msimamizi mkuu alikuwa Pak Hendarto, mtu mzima mwenye shati la batiki na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa ameketi hemani, chakula chake cha mchana kikiwa mezani hakijafunguliwa. Alisema amepata habari kwamba kuna mtu ameweka fedha nyingi namba ishirini na saba isipande jukwaani. Alisema pia kwamba waamuzi watatu wamekiona kibao. Adhabu ya kuuza mbio, alisema, ni kufungiwa miaka miwili, mwendeshaji na timu yake.

Akauliza nani aliandika nne.

"Mimi, Pak."

"Wakati huo alikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi nieleze. Na usiniambie hujui kuhesabu. Nimeambiwa unasoma uchumi."

Mlangoni mwa hema walikuwa wamejaa watu wa Karangsari. Walikuja kututetea. Bu Sukinah alikuwa mbele, naye alikuwa ameshaanza kutoa ushahidi bila kuitwa: kwamba msichana huyu alimfukuza Jarot barazani kwake mchana kweupe, mtaa wote ukisikia, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuuza hata baiskeli mbovu bila kumwambia mnunuzi ilipo kasoro.

Alikuwa shahidi wangu bora. Na ukweli niliokuwa nao ulikuwa unamhusu yeye.

Nilifikiri kunyamaza. Nikafikiri miaka miwili. Damar alikuwa amesimama kando yangu na helmeti tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu mbio ziishe alikuwa ananitazama.

"Tusingeweza kumudu shukrani," nikasema.

Nikaeleza lote: zawadi, mlima wa wali, tairi la nyuma, alama, matairi ya fainali. Nilieleza kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa. Pak Hendarto alivua miwani.

"Nyumba ngapi?"

"Themanini na sita."

"Kisanduku kina kuku?"

"Kuku, yai na tempe."

Aliguna. Alisema binti yake alipopata kazi ya serikali, yeye aliuza pikipiki, kwa sababu mkewe alimwambia kisanduku kisicho na kuku ni tusi lenye mfuniko. Kisha akaikunja karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Mwongo angetafuta sababu yenye heshima kidogo," alisema. "Nakuonya, basi. Kile kibao usikishike tena."

Ukweli ulikuwa umetuokoa. Nilifurahi kwa muda ule uliohitajika kugeuka.

Bu Sukinah alikuwa bado amesimama palepale. Hakupandisha sauti. Bu Sukinah hupandisha sauti akiwa anatania tu.

"Kumbe ulikuwa unahesabu sahani zetu."

"Si hivyo, Bu."

"Mume wangu anaamka alfajiri tangu Januari kwa ajili ya ile injini. Kwenye hesabu zako umemwandikia ngapi?"

Nilikuwa nimetoka kusifiwa kwa kusema kweli. "Sifuri, Bu."

"Lori la mjumbe?"

"Sifuri."

"Na sisi tunaokaa na moshi machoni kuanzia asubuhi?"

Hata hiyo ilikuwa sifuri. Sifuri zile nilizionea fahari. Mhadhiri wangu alizizungushia kalamu ya kijani.

"Hatujakudai hata rupia moja," alisema. "Siku moja tu tunakula wali kwenu, tunarudi nyumbani tunasema, mtoto wetu ameshinda. Basi hiyo ndiyo inayokufilisi."

Akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila haraka, na Pak Broto akawa wa mwisho. Aliifuta mikono kwa kitambaa kana kwamba kazi imekwisha.

*

Mngedhani siku ilikuwa imetosha. Kipaza sauti hakikudhani hivyo.

Injini za walioshinda hufunguliwa na kupimwa. Aliyeshika nafasi ya pili alikutwa na silinda iliyotanuliwa kupita kiasi, akafutwa. Wote walio nyuma yake wakapanda hatua moja.

Damar akawa wa tatu.

Alipanda jukwaani. Alipewa kombe. Chini ya jukwaa hapakuwa na mtu hata mmoja wa Karangsari, na masufuria yalikuwa yamekwisharudishwa lorini. Aliyepiga makofi kwa upande wetu alikuwa mmoja, naye alipiga kwa taabu kwa sababu kiganja kimoja kilikuwa na maganda ya alizeti.

"Hongera, Mbak," alisema Jarot. "Mimi nilikuletea bahasha, ukanitolea mawaidha. Kumbe wewe ni mtu wa kujitolea."

Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba Damar sasa ni wa tatu, na kwamba kwa hiyo fedha zake zimepotea.

"Sisi hulipana bendera ikishuka. Mambo ya vipimo ni yenu." Alikunja kiganja chake taratibu, asidondoshe ganda. "Lakini mimi si mtu wa kula peke yangu. Nawe una shukrani zako, nami nina zangu. Zimeshatangulia nyumbani. Usiogope, si bahasha. Najua bahasha huzipendi."

Nikamwambia chochote alichotuma kitarudi kwake kabla jua halijazama. Alisema tutaona, kwa sauti ya mtu anayenitakia mema.

Njia nzima nilikuwa natunga hotuba ya kukirudisha.

Lorini Pak Broto aliifunga pikipiki kamba kwa uangalifu kuliko siku zote, jambo lililoniogopesha. Bu Sukinah alipanda mbele, kando ya dereva. Damar alikaa na kombe katikati ya magoti, amelifunika koti kama mtu aliyeliiba.

"Mbak," aliniambia polepole, "watu wa kiwanda wanakuja fainali."

"Najua."

"Bila Pak Broto ile pikipiki haiwaki."

"Najua."

"Bila lori haifiki."

"Najua, Damar."

"Nilikuwa nahakikisha tu kama bajeti inajua."

Kisha akatoa simu akampigia Mama, akamwambia amekuwa wa tatu. Hakumwambia lingine. Nilimsikia Mama akicheka mpaka upande wangu.

*

Tulishushwa kwenye kona ya mtaa. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na moshi.

Nilimkuta Mama uani, mbele ya sufuria la msikitini, kanga imekazwa kiunoni, uso unang'aa kwa mvuke. Wali ulikuwa umeiva nusu. Kando yake palikuwa na trei za mayai, na kuku walionyonyolewa tayari wakining'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo kama soksi.

Nikamuuliza mchele umetoka wapi.

"Kwani hujui?" Mama alisema. "Gari dogo lilikuja baada ya adhuhuri. Yule kijana akasema vimetoka kwa mtu aliyefurahishwa na mbio za Damar. Nikasema Mungu si mkatili, Nduk. Tena ametuma na kuku."

Nilikaa kwenye kibao cha kufulia. Nikamwambia vimetoka kwa nani.

Mama alikoroga kwanza.

"Yule aliyekunywa chai?"

"Yule."

"Alikuwa na adabu."

"Ni fedha ya kamari, Mama. Aliweka kwamba Damar hatapanda jukwaani."

Mwiko ulisimama. Mama alilitazama sufuria, kisha akatazama njia ya kwenda msikitini. Alisema imamu ameshakubali kuja kusoma dua. Alisema hawezi kumlisha imamu fedha ya kamari. Alisema pia hawezi kumwaga chakula, hajawahi, na marehemu baba asingemsamehe. Kisha akaniuliza mimi niliyesoma, tufanye nini.

Nikamwambia asihangaike, hakuna atakayekuja. Nikamsimulia ya hemani.

Hali yetu kwa hiyo ilikuwa hivi: tulikuwa na wali wa nyumba themanini na sita, hatukuwa na mtu wa kumlisha, na hata angekuwepo tusingeweza kumlisha. Fedha ya matairi ilikuwa salama. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, bajeti yangu ilikuwa imelingana pande zote mbili.

Damar aliuliza kama matairi yanaweza kukaa barazani kama pambo, maana hayatakuwa na kazi nyingine.

Niliamua. Giza likiingia tungepakia wali ule kwenye mkokoteni tuupeleke kwa bata wa bondeni. Bata hawaulizi asili ya mchele. Mayai na kuku vingerudi kwa Jarot pamoja na hotuba yangu, na kesho ningekwenda kwa Bu Sukinah, nikae chini, nimwombe radhi bila kutumia neno hata moja la kiuchumi.

Ulikuwa mpango mzuri. Nilikuwa nimeshauvuta mkokoteni hadi mlango wa uani wakati lango la mbele lilipolia.

Aliingia Bu Sukinah, mwiko wake mrefu begani.

Nyuma yake Pak Broto alikuwa amebeba mikeka. Nyuma ya Pak Broto walikuja wanawake wenye majani ya migomba na visanduku vya karatasi, na mjumbe wa mtaa na taa ya gesi, na nyuma kabisa imamu, akitembea kwa mwendo wake wa kusubiriwa.

"Usinishukuru," Bu Sukinah aliniambia. "Sijaja kwa ajili yako. Mama yako huzidisha maji."

Aliuona mkokoteni akadhani ni wa kugawia visanduku, akaagiza usogezwe karibu.

"Nilikuwa nimeapa," aliendelea, akifunga kilemba upya. "Nilikuwa nimemwambia huyu baba, ile injini isiguse mkeka wangu tena. Tumefika kwenye kona, naona moshi. Nikasema, moshi wa nini, na mtoto amesema hana? Nikakaa nikafikiri. Nikasema, kumbe ameitoa fedha ya matairi. Amesikia maneno yangu, akaona aibu, akanunua mchele."

"Bu," nilisema.

"Nyamaza, nazungumza. Tumekubaliana huko nje. Kuanzia leo kila nyumba itatoa kibaba chake cha mchele, shukrani ya Damar itakuwa ya mtaa mzima, na hayo matairi tutayachangia. Huyu baba atakuwa uani kesho alfajiri kama kawaida." Pak Broto aliitikia kwa kichwa akaendelea kutandika. "Ila leo tunakula huu wa kwako. Umeutoa ukiwa huna. Huu ndio ninaoutaka mimi."

Mama aligeukia ukuta.

Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kupanga visanduku. Imamu alivua viatu akaviweka pamoja, vidole vikielekea nje. Watoto walikuwa wamekwishaliona kombe, na mtu fulani, sikujua ni nani, akagonga sufuria mara moja kama anayejaribu kama bado linalia.

Bu Sukinah alifunua mfuniko. Alichota punje chache kwa ncha ya mwiko, akazipuliza, akazionja akiwa amefumba macho, kama afanyavyo kwenye arusi za watu wakubwa.

"Mchele mzuri huu," alisema. "Si ule wetu wa siku zote. Umeununua wapi, Nduk?"

Mikeka ilikuwa imejaa. Wote walinigeukia kwa furaha, wakingoja jina la duka.

Damar alikuwa mlangoni, kombe mkononi, koti limeondolewa. Alinitazama kama alivyonitazama nilipomwonyesha ile nne mara ya kwanza.